Siku moja ya kazi Mikindani: kupima safari inawafanyia nini wazee moyoni

Saa 12:30 asubuhi, Mtwara mjini
Mkoba unakaguliwa kabla ya kupanda daladala: simu mbili zenye dodoso, pawabenki, fomu za ridhaa nakala mbili kwa kila mzee, kidau cha wino, miwani ya kusomea ya kuazimisha na barua ya utambulisho. Wazee watano kwa siku wanatosha. Wa saba atahojiwa na mtu aliyechoka.

Kwa kila mzee aliyesafiri tunamtafuta mwenzake ambaye hakusafiri: jinsia ileile, mtaa uleule, umri usiopishana sana. Wazee wote tunaowahoji wana miaka 60 au zaidi, kama inavyosema Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003. Bila kundi hilo la pili, utaisifu safari kwa furaha iliyoletwa na malipo ya korosho.

Saa 1:30
Kwa mwenyekiti wa mtaa. Salamu, barua, tunaondoka.

Saa 2:00, barazani
Shikamoo, habari za nyumbani, habari za viungo. Salamu hazikatwi. Ridhaa inasomwa kwa sauti, na asiyeandika anaweka dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yetu. Kisha vijana wa nyumba wanaombwa kwa adabu wasogee. Mtoto aliyelipa nauli akikaa pembeni, kila jibu litakuwa "namshukuru Mungu".

Tunaanza na WHO-5, dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani la kupima hali njema ya moyo. Ni maswali matano: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka ukiwa umepumzika, na kama siku zako zina mambo yanayokuvutia. Kila swali lina alama 0 hadi 5. Jumla inazidishwa kwa 4 ili ifike 100. Jumla ghafi ikiwa chini ya 13, mzee achunguzwe zaidi kuhusu sonona.

Ngazi sita zinawachanganya wasiosoma. Tunaweka mkekani korosho tano zenye maganda: "wakati wote" ni zote tano, "hata mara moja" ni kuziacha. Akitoa tatu kwa kila swali, amechoka au hajaelewa. Rudia maelezo, usimchagulie.

Shida kubwa ni muda. WHO-5 inauliza wiki mbili zilizopita, nasi tunazihesabu kwa Ijumaa mbili nyuma. Ukimhoji mzee siku ya tatu baada ya kurudi, unapima safari yenyewe pamoja na uchovu wa basi, kisha unayaita "matokeo ya safari". Kwa hiyo tunapima wiki tatu kabla hajaondoka, siku ya kumi na tano baada ya kurudi, na tena wiki ya sita. Kumpima akiwa keshafunga mizigo hakufai. Hamu ya kuondoka huwa imeshapandisha alama.

Saa 3:30
Sasa safari yenyewe. Nani aliamua? Nani alilipa? Ulikuwa na pesa yako mfukoni? Ulilala kwa nani, na ungeweza kurudi siku unayotaka?

Utafiti wa Uholanzi wa 2010 uliohusisha watu wazima 1,530 ulionyesha kwamba, baada ya kurudi, wengi waliotoka likizo hawakuwa na furaha zaidi kuliko waliobaki. Waliofaidika baada ya kurudi ni wale ambao likizo yao ilikuwa ya utulivu sana. Lakini hiyo ni likizo. Huku kusini mzee husafiri kwa msiba, harusi, hospitali au kuwaona wajukuu Dar. Ukiandika "alisafiri: ndiyo" na kuishia hapo, umechanganya aliyekwenda kwa hiari na aliyechukuliwa. Kwangu swali la nani aliamua lina uzito kuliko idadi ya kilomita.

Uliza pia dawa. Wenye presha wanaotumia vidonge vya kukojoza huviacha siku ya basi, kwa sababu basi halisimami wanapotaka. Wanafika miguu imevimba na usingizi haupo, na swali la nne la WHO-5 linaporomoka bila moyo kuhusika.

Saa 6:00 mchana
Jua kali, adhuhuri, chakula. Hakuna mahojiano.

Saa 8:30
GDS-15, kipimo cha sonona kwa wazee: maswali 15 ya ndiyo na hapana. Alama 5 na zaidi ni dalili ya kufuatilia. Swali la tisa linauliza kama unapenda kukaa nyumbani kuliko kutoka na kufanya mambo mapya. Mzee aliyetoka kukaa siku nzima ndani ya basi atasema ndiyo, hata kama hana huzuni. Tunakokotoa mara mbili, likiwemo na likiwa limetolewa. Majibu yakigeuka, ripoti iseme.

Akitamka kuchoka na maisha, dodoso linafungwa hapohapo. Hatuachi mtu peke yake. Msimamizi anapigiwa, na kwa ridhaa ya mzee njia ya zahanati au ya hospitali ya rufaa ya Ligula inaanza siku ileile.

Saa 11:00 jioni
Simu kwa ambao hawajarudi. Hawa ndio wanaopotosha hesabu: aliyefurahia Dar kabakia kwa binti yake, aliyeugua kabakia wodini, na kwenye jedwali wote wawili ni nafasi tupu. Kwa hiyo sababu inaandikwa kwa kila jina, hata kama ni neno moja tu la jirani.

Saa 1:00 usiku
Data zinapandishwa intaneti ikitulia. Fomu iliyojazwa chini ya dakika 15 inarudiwa kesho na mhojaji mwingine.