Ile 35.5 ya klorini

Mdogo wangu anasoma kemia, na jana usiku kaniuliza swali nililolipenda sana: kama protoni na nyutroni hazikatwi nusu, ile 35.5, yaani uzito wa atomu ya klorini kwenye jedwali la elementi, inatoka wapi?

Nikamwambia tuanze na kiini cha atomu, ambamo protoni na nyutroni hukaa. Protoni 17 ndizo zinazoifanya klorini iwe klorini. Ongeza moja tu, hiyo ni agoni tayari. Nyutroni ndizo zinazotofautiana. Atomu nyingine zina 18, nyingine 20, kwa hiyo, ukijumlisha na zile protoni 17, kuna klorini-35 na klorini-37. Hizo ndizo isotopu. Elektroni ni 17 kwa zote, ndiyo maana kikemia zinafanana karibu kila kitu.

Sasa hesabu. Katika kila atomu 4 za klorini, takribani 3 ni za 35 na 1 ni ya 37. Tatu mara 35 ni 105, jumlisha 37 unapata 142, gawa kwa 4: 35.5. Aliandika mwenyewe, akanyamaza kidogo, kisha akacheka kwa furaha. Hakuna hata atomu moja yenye uzito huo! Ni wastani.

Kwa kweli naumia mwanafunzi anapokaririshwa namba hii bila kuonyeshwa hesabu fupi namna hiyo.

Akauliza kama nyutroni zina athari inayoonekana kwa macho. Ipo: haidrojeni yenye nyutroni moja hutengeneza maji mazito, na barafu yake huzama kwenye maji ya kawaida. Leo tunaingia kwenye shaba, isotopu za 63 na 65.