Bogenvilia inayokataa kuchanua

Ukiona bogenvilia imesheheni majani, matawi yanapaa juu ya ukuta lakini maua hakuna hata moja, usikimbilie dukani kununua mbolea. Huenda imeshiba kupita kiasi. Maji ya kila siku, urea na samadi nyingi ya kuku huisukuma kuota majani tu. Iache ione kiu. Chomeka kidole udongoni hadi pingili ya pili. Pakiwa pakavu ndipo umwagilie, tena mpaka maji yatoke chini ya chungu. Ndiyo maana zile za ukutani, zisizojaliwa na mtu, huwaka rangi kiangazi huku za barazani zikibaki kijani. Na isipopata jua kali kwa muda wa saa 6 kila siku, hakuna dawa ila kuihamisha.

Tunachokiita ua, kwa kweli, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni vile virija vyembamba vyeupe katikati, kwa kawaida vitatu.

Rangi hutoka kwenye chipukizi jipya, kwa hiyo anayeogopa mkasi hujinyima mwenyewe. Msimu ukiisha, punguza kila tawi kwa theluthi, ukikata juu kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea. Vaa glavu za ngozi; za kitambaa miiba hupita.

Kwa kipandikizi, chagua tawi lililokomaa kiasi, nene kama penseli, ulikate sentimita 15 hadi 20. Upande wa chini ukate mshazari, usije ukakichomeka kichwa chini. Pukutisha majani yote, zika vifundo viwili kwenye kiroba chenye mchanga na mboji, nusu kwa nusu, kisha weka kivulini. Wiki ya tatu hivi kitachipua, na hapo ndipo wengi hudanganyika: kile kijani kinakula akiba ya kijiti, mizizi bado. Subiri wiki 8 au zaidi, mpaka mizizi ichungulie kwenye tundu la kiroba. Kuhamisha, chana kiroba kwa wembe na uteremshe donge zima shimoni. Mizizi yake ni laini. Donge likivunjika, mche husinyaa siku hiyo hiyo.

Majani yakiliwa pembeni kama yaliyokatwa kwa mkasi, na mchana humwoni mdudu, toka usiku na tochi. Ni kiwavi mwembamba, hujinyoosha kama kijiti. Mtoe kwa mkono.