Durga: jina la siku ya hofu na la siku ya raha

Jai Mataji, ndugu zangu.

Wiki hii nimekaa na ubeti mmoja tu. Uko katika sura ya nne ya Devi Mahatmya, kitabu cha kumsifu Mama Durga, mungu wetu wa kike, pale Indra, mfalme wa miungu, na wenzake wanapomsifu Mama baada ya kumuua Mahishasura, jini-nyati. Unaanza hivi: *Durge smrita harasi bhitim ashesha-jantoh.* Ee Durga, ukikumbukwa, wamwondolea hofu kila kiumbe.

Hapo ndipo wengi tunapoishia, nami nimeishia hapo miaka mingi. Usiku mwanangu alipopandwa na homa kali nilizungusha mala, uzi wa shanga za kuhesabia jina lake, mara saba bila kunyanyuka. Homa ikashuka, nikashukuru kwa machozi, kisha mala ikarudi katika mfuko wake ikakaa humo miezi. Sikuona ubaya wowote. Hofu ilikwisha, na mimi nilijua jina hili ni la kuondoa hofu.

Lakini ubeti unaendelea: *svasthaih smrita matim ativa shubham dadasi.* Na wakikukumbuka walio wazima, wawapa akili njema kupita kiasi. Neno lenyewe, svastha, ni mtu aliyesimama ndani ya nafsi yake: hana maradhi, hana deni linalomkosesha usingizi, ametulia. Huyo naye anaambiwa amkumbuke Mama, na ana fungu lake. Mwenye hofu huondolewa kitu, aliyetulia huongezewa.

Tulitazame jina. *Dur* ni ugumu, *gam* ni kwenda. Durga ni pale pasipoendeka kwa wepesi, na ndiyo maana kwa Kisanskrit hata ngome huitwa durga. Katika sura ya kumi na moja Mama mwenyewe anasema kwamba atamuua asura, yaani adui wa miungu, aitwaye Durgama, na kwa hilo atajulikana kama Durga Devi. Ila tafsiri ninayoipenda zaidi imo katika sura ileile ya nne: wewe ni Durga, chombo cha kuvukia bahari ngumu ya maisha. Sisi tuliozaliwa pwani hatuhitaji kuelezwa. Chombo hakisubiri dhoruba ndipo kitiwe kalafati.

Sasa mantra, maneno matakatifu tunayoyarudia kwa kila ushanga: *Om Dum Durgayai Namah.* Dum ni bija, mbegu ya sauti yake Mama. Durgayai ni "kwa Durga". Namah ni kuinama. Isomeni tena taratibu, mtafute neno "nipe" au "niokoe". Halimo. Miaka yote ile niliisoma kama ombi la dharura, kumbe maneno yenyewe ni sujudu tu, nayo sujudu haina msimu.

Bibi yangu, tuliyemwita Ba, alilijua hili bila kulieleza. Kila alfajiri, kabla ya chai, alizungusha mala moja. Shanga 108, kidole gumba na cha kati, kile cha shahada kimewekwa kando. Midomo ilicheza bila sauti kusikika, japa (kurudiarudia mantra) ya upamshu, yaani ya kunong'ona, ambayo Manu, mwenye kitabu cha kale cha sheria, anasema inapita sadaka ya kawaida ya moto mara mia. Akifika kwenye Meru, ule ushanga mkubwa, haruki. Kama anaongeza mzunguko, huigeuza mala akarudi alikotoka. Babu alipolazwa hospitali nilidhani sasa atakesha akihesabu. Alizungusha mala ileile moja, kwa mwendo uleule, akanywa chai, akavaa sari akaenda kumwona mumewe. Nilikuwa mtoto, nikaona kama hajali. Leo naelewa kwamba mkono wake haukutetemeka kwa sababu ya asubuhi zote zile za kawaida zilizotangulia.

Simlaumu anayemlilia Mama usiku wa shida. Ubeti wenyewe umetanguliza huyo. Nasema na mwenzangu ambaye wiki hii nyumbani kwake ni salama, biashara inakwenda, watoto wamelala vizuri. Navaratri, sikukuu ya Mama, ikifika sote tutajaa hekaluni, tutacheza garba, ngoma ya duara, usiku tisa. Je, Jumanne hii, siku isiyo na lolote?

Mala yangu nimeitoa mfukoni, iko karibu na diya, taa ya ibada. Mwanangu ni mzima, amelala chumba cha pili. Kesho alfajiri, kabla ya chai: Om Dum Durgayai Namah.