Safu ya kaunti

Murang'a ndiyo iliyonitafutia kazi ile. Kampuni moja ya kusafirisha vifurushi River Road, Nairobi, ilikuwa na jedwali la kwenye wavuti, na jina la kaunti liliandikwa tu hivi hivi. Ripoti ya mwisho wa mwezi ikaja na Murang'a, Muranga na Muran'ga, kila moja na hesabu yake. Tharaka-Nithi tuiache. Katiba ya 2010 ilitupa kaunti 47. Mle ndani zilikuwa zimezaana.

Nilitakiwa kuweka orodha ya kuchagua kaunti badala ya kuandika. Orodha yenyewe haikunisumbua. Unabofya seli mara mbili, elementi ya select, yaani orodha ya kuchagua ya kivinjari, inakaa pale palipokuwa na maandishi, unachagua, inajifunga. Jina linaonekana kwenye jedwali, hifadhidata inashika namba: Mombasa 001, Nairobi 047. Namba hizo nilizihifadhi kama maandishi, la sivyo sufuri za mbele zinamezwa.

Karani mkuu, mama aliyeingiza mizigo bila kutazama kibodi, alijaza mistari michache kisha akaisukuma mausi kando.

"Kijana, nikishikashika hii kila saa, hiyo laini ya wateja utaihudumia wewe?"

"Lakini mama, makosa yataisha."

"Yataisha kweli. Hakuna kitu tutakuwa tumeandika."

Nikavuta kiti nikamtazama akifanya kazi. Uzani, Tab, kaunti, Tab, bei. Orodha ya kuchagua humfaa asiyejua kilichomo. Huyu alizijua kaunti zote kuliko mimi. Alichotaka ni kuandika herufi mbili tatu, jedwali limalizie.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Herufi ya kwanza unayobonyeza juu ya seli ndiyo inayofungua kihariri, yaani sehemu ya kuingizia ndani ya seli, na kwenye jedwali lile iliishia hapo hapo: ukiandika "kir", orodha inapokea "ir" na haioni kitu. Nikaondoa select, nikaweka kisanduku cha kuandikia chenye orodha inayojichuja chini yake, na ile herufi ya kwanza nikaikabidhi kwa kisanduku kinapofunguka. Wakati wa kulinganisha, ritifaa (alama ya ') na vistari havihesabiwi. Enter inakubali, Esc inarudisha ya zamani.

Kaunti za "Ki" ni sita: Kiambu, Kilifi, Kirinyaga, Kisii, Kisumu, Kitui. Mama akaandika "kir", Enter, Tab, akaingia kwenye bei bila kuinua macho. Asante sikuipata. Aliuliza tu mbona safu ya madereva bado ni ya kuandika jina zima.