Mbao 24, Lushoto: kumbukumbu ya picha ndogo za rangi ya mafuta

Lengo ni picha 24 za sentimita 15 kwa 20: 15 za mashamba na nyumba za milimani, 9 za vitu vya mezani. Kazi ilianza katikati ya Aprili masika yakiwa yamekolea, na kumbukumbu hii inafika mwisho wa Julai, katikati ya kipupwe. Nimeandika kwa urefu zaidi yale ambayo vitabu vya Ulaya haviyagusi, kwa kuwa vimeandikwa kwa jua la kwao na hewa ya kwao.

Aprili: mbao

Robo ya karatasi ya hadibodi ya milimita 3, yaani sentimita 61 kwa 122, kwa hesabu ya daftari hutoa vipande 24 kamili. Lakini msumeno nao unakula milimita 2 hadi 3 kila unapopita. Mwagize fundi akate 14.8 kwa 19.8, la sivyo safu ya mwisho inaweza kutoka nyembamba na fremu isiishike. Chagua hadibodi ya kahawia hafifu. Ile nyeusi-nyeusi yenye kung'aa huwa imenyweshwa mafuta kiwandani, na jeso, yaani rangi nyeupe ya msingi inayopakwa kabla ya kuchora, haishiki vizuri juu yake.

Utaratibu uliofuatwa kwa kila ubao: upande laini ulipigwa msasa namba 220 mpaka mng'ao ukaisha, ukafutwa kwa spiriti kuondoa mafuta ya vidole, kisha ukapakwa gundi ya akriliki mkono mmoja. Gundi hiyo huzuia maji ya kahawia ya hadibodi yasipande juu na kuchafua weupe. Baada ya hapo jeso ya akriliki mikono mitatu miepesi, mmoja kwa urefu, wa pili kwa upana, wa tatu kwa urefu tena, na msasa mwepesi kati ya mkono na mkono. Mgongo nao unapakwa mkono mmoja. Mbao 4 za kwanza hazikupakwa mgongo, zikapinda kama kigae ndani ya siku mbili, kwa sababu upande uliopakwa ulisinyaa na ule mtupu ukafyonza unyevu. Zilinyooka baada ya kupakwa mgongo na kulazwa chini ya matofali usiku kucha.

Chupa ya jeso huandikwa kwamba saa moja yatosha kati ya mkono na mkono. Lushoto mwezi wa Aprili, ukungu ukiingia hadi sebuleni, usubiri mpaka kesho yake. Ukimaliza mkono wa mwisho, ngoja siku 3 kabla ya kugusa rangi ya mafuta.

Rangi ya ukutani haifai kuwa mbadala wa jeso. Ina chaki nyingi na gundi kidogo; inafyonza mafuta ya rangi yote, na picha inabaki imepauka kama iliyopigwa vumbi. Rangi ya geti nayo ina kasoro ya kinyume chake: inateleza, brashi haipati pa kushika.

Hapo kuna mkanganyiko wa jina unaowagharimu wanaoanza. Ukiomba "rangi ya mafuta" duka la vifaa vya ujenzi utapewa enameli ya geti. Wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, wamefanya kazi nzuri kweli kwa enameli juu ya hadibodi. Lakini enameli hujisambaza yenyewe na kufuta alama ya brashi, ndiyo maana inafaa maumbo bapa yenye mpaka mkali. Kwa ukungu, udongo uliolimwa na ngozi ya tunda unahitaji rangi ya tyubu, ambayo inabaki pale pale brashi ilipoiacha.

Rangi sita

Tyubu za mililita 37, isipokuwa nyeupe iliyonunuliwa ya mililita 200, maana nyeupe pekee inaliwa karibu sawa na nyingine zote zikijumlishwa. Soma namba ndogo mgongoni mwa tyubu inayotaja unga wa rangi uliomo, usitegemee jina: nyeupe ya titani PW6, njano angavu PY74, njano ya udongo PY43, siena iliyochomwa (kahawia-nyekundu) PBr7, nyekundu ya kwinakridoni PV19, bluu ya ultramarini PB29. Nyeupe yenye PW4 ndani yake ni zinki. Ngozi yake, yaani utando wa rangi iliyokauka, huwa ngumu na yenye kukatika kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo iachwe. PR83, alizarini ya zamani, hupauka kwenye mwanga, na PV19 inajaza nafasi yake bila hasara.

Nyeusi haikununuliwa. Ultramarini na siena iliyochomwa, nusu kwa nusu, hutoa giza la kutosha, nawe unaweza kulivuta kwenye ubaridi au kwenye joto upendavyo. Masizi ya chungu na kivuli cha ndani ya banda si weusi wa aina moja, na tyubu ya nyeusi huyafanya yafanane.

Vimiminika ni viwili tu: tapentaini safi ya wachoraji, na mafuta ya kitani yaliyosafishwa. Mafuta ya kitani "yaliyochemshwa" ya dukani ni ya mbao za milango. Yametiwa dawa ya kukausha na hugeuka manjano upesi. Thina inayeyusha jeso. Mafuta ya taa huacha utando wa grisi, hivyo yasitiwe kwenye rangi.

Mei: kukauka

Rangi hii haikauki kwa kupoteza maji kama nguo kambani. Mafuta yake hushikana na oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu. Baridi, unyevu na giza, vyote vitatu huchelewesha kazi hiyo, na Mei ya milimani inavyo vyote. Siena, nyembamba, ilishikika kwa siku ya 3. Nyeupe iliyochanganywa na kwinakridoni bado ilinata siku ya 9. Mbao zilihamishiwa rafu ya juu, karibu na bati, kwenye chumba chenye dirisha, mchana kunapopata joto kidogo. Jikoni hapafai hata kama kuna joto: moshi wa kuni unaganda juu ya rangi mbichi na hautoki.

Kanuni isiyovunjwa ni konda chini, nono juu. Tabaka la kwanza lizimuliwe kwa tapentaini, la pili litoke kwenye tyubu kama lilivyo, la tatu liongezwe mafuta ya kitani matone 2 au 3 kwa kila fungu la rangi lenye ukubwa wa punje ya harage. Ukigeuza mpango, ngozi ya juu inakauka kabla ya ile ya chini, ya chini ikiendelea kusogea, na ya juu inapasuka. Ubao namba 6 ulitiwa mafuta mengi sehemu ya mawingu. Juu kukafanya makunyanzi kama maziwa yaliyochemshwa na kuachwa. Sehemu hiyo ilikwanguliwa yote.

Mandhari: kijani na jua

Kila ubao wa shamba ulianza kwa kupakwa siena iliyochomwa na tapentaini, kisha kufutwa kwa kitambaa ibaki rangi ya chai ya rangi. Udongo wa Usambara wenyewe ni mwekundu, na vitone vya wekundu huo vinavyochungulia kati ya majani hufanya kijani kiishi. Juu ya weupe mtupu, kijani hicho hicho kinaonekana kama cha plastiki.

Hakuna kijani cha tyubu katika mradi huu. Kwa mgomba, jambo la kwanza si rangi bali jua liko wapi. Jani lililo kati yako na jua hupitisha mwanga: njano angavu sehemu 3, ultramarini chini ya 1, nyeupe usiguse. Jani hilo hilo, jua likiwa nyuma yako, huakisi anga na kuwa la kijivu-buluu lenye kung'aa: ultramarini, nyeupe, njano ya udongo kidogo. Wengi hupaka migomba yote kwa kijani kimoja na kubaki wakijiuliza mwanga umekwenda wapi. Kabichi za kwenye matuta ni za kijivu-buluu kwa sababu ya nta yake. Bila chembe ya siena zinaonekana kama za barafu. Mikaratusi kwa mbali huelekea zambarau kuliko kijani.

Ukitazama kutoka Irente, ukingo wa mlima karibu na Lushoto, tambarare ya Mazinde iko chini sana na hewa iliyo katikati ni nene. Kosa la mbao mbili za kwanza lilikuwa kuipauza kwa kuongeza nyeupe pekee, ikawa chaki. Mbali panahitaji mambo matatu pamoja: kupanda weupe, kupungua tofauti kati ya mwanga na kivuli, na kuhamia kwenye buluu. Fungu moja la anga lililokwisha changanywa, likitiwa ndani ya kila rangi ya mbali, linafanya yote matatu kwa mpigo.

Bati lenye kutu: usichore mifereji yake. Paka bapa la siena, nyeupe na ultramarini kidogo, kisha kwa ukingo wa brashi bapa namba 4 gusa mistari 4 au 5 upande unaopokea jua. Jicho litajaza iliyobaki. Kwenye sentimita 15, mfereji wa ishirini ni uchafu.

Saa za kazi ni kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 hadi saa 12 jioni. Katikati ya hapo jua liko juu ya utosi na vivuli vinajificha chini ya vitu. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama wima kabisa. Kivuli kinahama haraka. Kiweke ndani ya dakika 10 za kwanza na usikifuate tena. Saa moja na nusu yatosha kwa ubao mmoja. Ikizidi, unachora jua mbili kwenye picha moja.

Kabla ya rangi yoyote, finya macho na ugawe mandhari katika vipande 4 au 5 vya mwanga na giza. Picha ya simu iliyogeuzwa nyeusi na nyeupe husaidia kuhakiki. Mbao 3 zilizokwama kabisa zote zilikuwa na rangi nzuri na mwanga wa ngazi moja.

Juni na Julai: vitu vya mezani

Vitabu husema chumba kiwe na dirisha la kaskazini. Hiyo ni Ulaya, ambako jua halifiki upande huo. Hapa jua la adhuhuri liko kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha linahamia kusini. Dirisha la kazi linahama pamoja nalo: la kusini kipupwe, la kaskazini wakati wa Krismasi. Kwa Juni na Julai meza iliwekwa dirisha la kusini, na mwanga ukatulia tangu saa 3 hadi saa 9.

Dirisha moja tu, mengine yafunikwe kwa kanga nzito au khaki. Vivuli viwili kwenye chungu kimoja huvunja umbo lake.

Panga mpangilio kwa umri wa vitu. Parachichi lililokatwa huanza kuwa kahawia ndani ya saa moja, kwa hiyo linachorwa kwanza hata kama liko pembeni. Ndizi mbivu ina siku 2. Vitunguu, kandili na chungu vinasubiri. Kitunguu kikavu kinachukua tabaka la njano ya udongo, likikauka linapitishiwa PV19 nyembamba yenye mafuta kidogo. Ngozi yake inapata ule wekundu unaopitisha mwanga.

Chungu kilichokwisha pikiwa kina tumbo lililoungua, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Upande wa kivuli una mwanga wa pili unaopanda kutoka kwenye kitambaa cha meza. Mwanga huo wa pili uwe hafifu kuliko sehemu yoyote inayopigwa na mwanga wa dirisha, au chungu kitaonekana kimetobolewa. Bomba la kioo la kandili halina rangi yake. Paka kilicho nyuma yake kwanza, kipite moja kwa moja, kisha kingo mbili za giza na mng'ao mmoja. Mng'ao wa pili uliongezwa ubao namba 19 na ukaharibu kioo chote.

Sehemu za giza zilizokauka zikapoteza mng'ao zilirudishwa kwa tone la mafuta ya kitani lililosuguliwa kwa kitambaa, kisha kufutwa karibu lote. Ukiliacha, litanata na kukusanya vumbi. Inzi mdogo aliyenasa aachwe mpaka rangi ikauke. Akiondolewa mbichi, miguu inabaki na shimo linakuwa kubwa.

Brashi: futa, suuza kwa mafuta ya alizeti, kisha osha kwa sabuni ya mche mpaka povu liwe jeupe. Alizeti ikibaki kwenye nywele inachelewesha rangi ya kesho. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visifinyangwe na kutupwa kwenye kona: vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandazwe nje vikauke, au viwekwe kwenye kopo la maji lenye kifuniko.

Hali ilivyo

Zimekamilika 17, zinasubiri tabaka la mwisho 4, zimekwanguliwa 3. Vanishi haitapakwa kabla ya Januari kwa zile za Mei zilizo nyembamba. Zenye nyeupe nene zitangoja mwaka mzima. Mpaka wakati huo zinakaa zikitazama chumba. Zikigeuzwa ukutani gizani, mafuta yanakuwa ya manjano, ingawa wiki chache za mwanga huyarudisha.

Mbao 3 zilizokwanguliwa hazitapakwa jeso upya, maana akriliki juu ya mafuta hubanduka. Zitapigwa msasa kwa maji ili vumbi lisiruke, zikauke, kisha zipate tabaka jembamba la siena na tapentaini. Migomba ya nyuma ya banda, saa 10 jioni, itachorwa juu ya hizo.