Nilivyojifunza kukaa hai kwenye mahandaki ya Verdun

Usiku wa kwanza nilikufa mara 31 na sikumpata adui hata mmoja. Naikumbuka hesabu hiyo kwa sababu mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ameketi kitandani nyuma yangu akisubiri zamu yake ya kompyuta, aliisoma kwa sauti mechi ilipoisha. "Kaka, mara thelathini na moja?" Hakuwa akinicheka. Alikuwa ameona mwenyewe: natoka handakini, hatua nne, tano, mlio mmoja, skrini nyeusi. Natoka tena. Skrini nyeusi tena.

Gemu lenyewe ni Verdun. Lilitengenezwa Uholanzi na M2H pamoja na Blackmill Games, likatoka rasmi kwenye kompyuta Aprili 2015. Linahusu Vita Kuu ya Kwanza upande wa magharibi, Ufaransa na Ubelgiji, na mechi moja hubeba watu hadi 32: nusu Wafaransa, Waingereza na washirika wao, nusu Wajerumani. Nililitaka kwa sababu ambayo watu wa Tanga wataielewa. Vita hivyohivyo vilifika kwetu Novemba 1914, Waingereza waliposhusha watu karibu 8,000, wengi wao kutoka India, wakarudishwa baharini na jeshi la Mjerumani lisilofika hata robo yao. Habari za nyuki waliowavamia wapiganaji katikati ya mapigano tumekua nazo. Makaburi ya vita hivyo nimeyapita tangu nikiwa shule ya msingi. Basi nilipopata gemu linalojitahidi kuonyesha bunduki zilezile, sare zilezile, matope yaleyale, nilitaka kuingia ndani nione.

Nilichokikuta hakikufanana na gemu lolote la kupigana nililowahi kucheza. Kwingine unapigwa risasi sita, unajificha nyuma ya ukuta, damu inarudi. Hapa risasi moja ya kifuani imekumaliza. Bunduki karibu zote ni za kukoki kwa mkono kila baada ya risasi, na ukikosa, yule uliyemkosa keshajua uko wapi. Juu ya hapo nina tatizo la mtandao. Seva nilizokuwa nikizipata ziko Ulaya, na kutoka Tanga pingi yangu, yaani muda ambao taarifa huchukua kwenda kwenye seva na kurudi, haikushuka chini ya milisekunde 180 hata kwa bando la usiku wa manane. Maana yake ni kwamba ninachokiona kwenye skrini kimeshapita. Ninamlenga mtu anayekatiza mbele yangu, kumbe keshafika mbali. Nakutana na mtu kwenye kona ya handaki, nafyatua kwanza, na bado naanguka mimi.

Wiki nzima niliamini kwamba ni mtandao tu. Kisha nikafanya jambo ambalo lilinibadilisha: niliingia mechi tatu bila nia ya kumpiga mtu. Nilijibanza kwenye handaki nikawatazama wenzangu wa upande wangu, waliokuwa juu ya orodha, wanafanya nini. Karibu wote hawakuwa wakifanya kitu. Walikuwa wamechutama mahali pamoja, wanangoja. Mmoja alikuwa na bunduki ya Lee-Enfield ya Mwingereza, na kwa dakika kumi sidhani alitembea zaidi ya hatua ishirini. Anachungulia, anapiga, anazama, anakoki akiwa chini, anasogea kidogo, anachungulia tena mahali pengine.

Hapo nikaanza kuijua ile hali ya hatari iliyomo katika kukoki. Ule muda mfupi mkono unapovuta komeo nyuma na kulirudisha, huwezi kulenga wala kujitetea, na mimi nilikuwa nikiufanya nikiwa nimesimama wima juu ya ukingo. Nikajizoeza kuteremka kwanza, kisha kukoki. Jambo dogo hilo peke yake lilipunguza vifo vyangu karibu nusu.

La pili lilihusu mahali pa kukaa, na nadhani ndilo litakalomsaidia zaidi mtu anayecheza kutoka huku kwetu akiwa na pingi kubwa. Usikae mahali ambapo adui anakatiza mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia. Tafuta mahali anapokujia moja kwa moja. Mtu anayekimbia kukuelekea, hata kama skrini yako imechelewa, bado yuko kwenye mstari uleule. Anakuwa mkubwa tu. Kwenye ramani ya Flanders, tambarare na matope matupu, nilichagua pembe za handaki zinazotazama njia nyembamba kati ya seng'enge, kwa sababu seng'enge huwalazimisha watu kufuata njia hizo. Kona za karibu na mapigano ya singe niliziacha kabisa. Huko mtandao unaamua, si mimi.

Bunduki nazo zina tabia zake, na inafaa kuzijua kabla ya kulaumu mikono yako. Lee-Enfield ina risasi kumi na inakokiwa upesi. Gewehr 98 ya Mjerumani ina tano tu, lakini nimeona inanituliza kwa shabaha ya mbali. Lebel ya Mfaransa, ya mwaka 1886, ina nane ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, na ukiishiwa unazirudisha moja moja kwa kidole. Mwanzoni niliichukia Lebel. Siku hizi ndiyo ninayoichukua kwa hiari, kwa sababu imenifunza kuhesabu. Nikipiga tano, nateremka najaza kabla sijaishiwa. Huko nyuma nilikuwa nangoja mpaka inalia tupu mbele ya watu watatu.

Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nakufa mara nane, tisa kwa mechi, na kuwapata wengine zaidi ya hapo. Lakini timu yangu ilikuwa bado inashindwa, na hilo lilinisumbua kuliko vifo vyangu.

Mpangilio mkuu wa gemu hili ni wa zamu. Upande mmoja unashambulia handaki la mwenzake kwa muda maalumu. Ukilijaza watu wengi kuliko waliomo, linakuwa lako na mstari unasogea. Ukishindwa, muda unaisha, zamu inageuka, na sasa wewe ndiye unayefuatwa mpaka kwako. Na ukitangatanga nje ya eneo lako, gemu linaanza kukuhesabia kama mtoro. Usiporudi, unauawa na upande wako mwenyewe. Ndani ya muundo huu, mlenga shabaha mmoja hodari hawezi kushinda peke yake. Handaki linachukuliwa na miili.

Kila upande umegawanyika katika vikosi vya watu wanne, na kila kikosi kina kiongozi, sisi tunamwita koplo. Koplo anatoa amri, anaita mizinga, gesi au ndege ya upelelezi kulingana na kikosi chake, na la muhimu kuliko yote, wenzake waliokufa wanaweza kurudi uwanjani karibu naye badala ya kuanza nyuma kabisa. Mimi nilikuwa nikikwepa nafasi hiyo kwa kuwa niliiona ni ya mtu mwenye shabaha kali. Nilikuwa nimekosea kabisa.

Tulipata kikosi chetu cha Kiswahili hivi: nilinunua laptopu nyingine iliyotumika, mdogo wangu akaingia. Rafiki yangu wa Mombasa niliyesoma naye chuo akaingia. Binamu yangu mkubwa, anayefanya kazi Muscat, akawa wa nne, na yeye hucheza akishatoka kazini. Tunaongea kwa simu ya kundi huku tukicheza. Haikuchukua siku nyingi tukawa na lugha yetu. "Nakoki" maana yake nifunike, siwezi kupiga sasa. "Mti" ni mti wowote uliokatika, na huwa upo. "Maji" ni shimo la kombora lililojaa maji. Mtu akisema "chini" hakuna anayeuliza kwa nini.

Nikawa koplo kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. Mechi za kwanza niliwaongoza kwa kutangulia mbele, na nikifa mimi, wote watatu wanarudi kuanzia nyuma, wanakimbia uwanja mzima peke yao, wanaokotwa mmoja mmoja. Binamu ndiye aliyeniambia. "Mdogo wangu, sisi hatukuhitaji uue. Tunakuhitaji uwepo."

Basi nikabadilisha kazi yangu. Tukianza kushambulia sitoki na wa kwanza. Nawaacha wale wenye haraka wa vikosi vingine wavute macho ya adui, nami natambaa kupitia mashimo ya makombora, shimo hadi shimo, mpaka nipate moja lililo karibu na handaki lao lakini si chini ya pua zao. Hapo nalala. Sipigi risasi, hata nikimwona mtu mgongoni, kwa sababu mlio mmoja utanifichua. Wenzangu wakifa wanarudi kwangu: mmoja, wa pili, wa tatu. Wakitimia naita mizinga kwenye handaki, tunangoja makombora yamalizike, tunanyanyuka kwa pamoja. Mara ya kwanza mpango huu ulipokubali, kwenye msitu wa Argonne, tuliingia handakini wanne na kukuta watu wawili tu ndani. Mombasa alikuwa akipiga kelele, "Tumo! Tumo ndani, wallahi tumo!" Mama akagonga mlango kuuliza kuna nini.

Gesi sikuipenda kuitumia na mpaka leo siipendi, ingawa ni silaha nzuri ya kuwatoa watu shimoni. Ukivaa barakoa, dunia inakuwa duara mbili za kioo na unasikia pumzi yako mwenyewe. Mdogo wangu alichelewa kuvaa mara moja, akavua spika za masikioni akakaa kimya. Baadaye alisoma, akaniambia kwamba shambulio kubwa la kwanza la gesi ya klorini upande huo wa magharibi lilikuwa karibu na Ypres, Ubelgiji, Aprili 22, 1915, na kwamba walioipokea kwanza hawakuwa na barakoa yoyote. Tangu hapo tumekubaliana: koplo wetu akiwa na hiari, anaita mizinga.

Tumesoma mengi kwa njia hiyo, kila mmoja akileta alichokipata. Mapigano halisi ya Verdun yalianza Februari 21, 1916 na kwisha Desemba 18 mwaka huohuo, na waliokufa wa pande zote mbili wanakadiriwa 300,000 hivi. Ngome ya Douaumont ilianguka kwa Wajerumani siku ya tano tu, Februari 25. Kilichotugusa zaidi alikileta rafiki yetu wa Mombasa: Wafaransa walipoikomboa ngome hiyo Oktoba 24, miongoni mwa waliokuwa katika shambulio hilo walikuwa Wasenegali, na pia kikosi cha Wasomali walioandikishwa kutoka Djibouti. Watu wa pwani yetu hii ya mashariki, kwenye matope ya Ufaransa, kwenye baridi ya Oktoba. Usiku huo tuliingia ramani ya Douaumont na hatukuongea sana.

Kuna kitu kingine kizuri ambacho wengi hawakijui. Huwa kuna tukio la Desemba la kukumbuka Krismasi ya 1914, pale askari wa pande mbili huko Flanders walipotoka mahandakini wakapeana mikono. Unaingia, hakuna wa kumpiga. Watu wanarushiana theluji na kucheza mpira katikati ya uwanja. Wanne sisi hatujawahi kuiona theluji kwa macho, tukacheza saa nzima, na Mjerumani mmoja asiyejua neno letu hata moja alikuwa golikipa wetu.

Siku hizi koplo ni mdogo wangu. Ana subira niliyokosa mimi; anaweza kulala shimoni dakika tano nzima huku risasi zinapita juu yake na asiguse kitufe. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye ramani ya Vosges, mlima umetushinda mara mbili, na muda wa shambulio ulikuwa unaelekea kwisha. Nilikufa mbali, nikarudi kwake, nikamkuta nyuma ya jiwe na binamu keshafika. "Kaka, usipige," akaninong'oneza, ingawa yuko chumba kimoja nami. "Bado mmoja." Nikazamisha kichwa, nikaijaza Lebel risasi mbili zilizopungua, nikangoja wa Mombasa afike.