Jinsi ninavyozisoma mechi za maandalizi ya msimu bila kufuata magoli

Kila ikifika mwezi wa 7 meseji zinazonijia ni za aina moja, timu fulani imepigwa nne huko ziarani, vipi msimu umeshaisha kabla haujaanza? Au straika mpya katupia nne kipindi kimoja, ndo mfungaji bora huyo? Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua hizi mechi nazifuatilia kuliko kawaida, nacheza fantasi ya ligi kuu ya Uingereza (mchezo wa mtandaoni, unachagua wachezaji wa kweli na unapata pointi kwa wanachofanya uwanjani) na kikosi cha wiki ya kwanza lazima ukipange kabla mpira wa ligi haujapigwa hata mmoja, sasa utashika nini kama siyo mechi za kirafiki. Na baada ya misimu kadhaa ya kukaa nazo nimebaki na jibu moja, mechi ya maandalizi inakuonyesha kocha anataka nini, haikuonyeshi timu ina nguvu kiasi gani. Watu wanachanganya hivi vitu viwili ndo maana kila Agosti wanashangaa.

Nitatumia zaidi kiangazi cha 2022 maana mwaka ule kila kitu kilitokea kwa pamoja, mechi zilizodanganya na mechi zilizosema kweli, tena ndani ya wiki zile zile.

Tarehe 12 Julai Bangkok, Manchester United wanacheza mechi ya kwanza chini ya kocha mpya Ten Hag, wanaifunga Liverpool 4-0. Mtandaoni watu walikuwa wameshabeba kombe. Mimi kilichonivuta kwenye ile mechi ni upande wa pili, Klopp, kocha wa Liverpool, alikuwa anatoa kikosi kizima anaingiza kingine, vikosi vitatu ndani ya mechi moja, Salah mwenyewe tulimwona kipindi cha pili. Hapo unapimaje timu? Ligi ikaanza, tarehe 7 Agosti Brighton wakaenda Old Trafford wakashinda 2-1, Gross kafunga yote mawili, wiki iliyofuata Brentford wakawapiga United 4-0 na magoli yote manne yaliingia ndani ya dakika 35 za mwanzo. Halafu wale waliogeuka tena wakasema Ten Hag hafai nao wakapotea, msimu ule United walimaliza wa 3 wakachukua na Kombe la Ligi. Ukiangalia vizuri ile timu ya Bangkok haikuwa na Lisandro Martinez, haikuwa na Casemiro, haikuwa na Antony, wote walikuja baadae. Yaani watu walikuwa wanaihukumu timu ambayo nusu ya uti wake wa mgongo haijafika.

Sababu ya matokeo kudanganya siyo ngumu ila inabidi uiweke kichwani kila unapowasha mechi. Wiki za mwanzo wachezaji wanatoka likizo, wanapigishwa mazoezi ya pumzi na nguvu, kuna siku wanafanya mazoezi asubuhi halafu jioni wanaingia uwanjani na miguu mizito, mechi kwao ni kipande cha mazoezi tu. Kocha anakuwa ameshapanga toka jana kwamba fulani anacheza dakika 45 na fulani 30, hata kama anawaka moto anatoka. Mpinzani naye yuko kwenye ratiba yake, unaweza kukuta timu yenye wiki moja ya mazoezi inacheza na timu ambayo ligi yao inaanza wikiendi inayofuata, hiyo tofauti ya pumzi peke yake inatosha kuleta magoli matatu. Ongeza safari ndefu za ndege na joto, ongeza wachezaji waliokuwa na timu zao za taifa mashindanoni ambao wanachelewa kurudi, halafu ongeza sabu. Sabu ndo inaharibu zaidi, kuanzia dakika ya 60 hivi unakuta uwanjani kuna madogo wa akademi na watu wanaotafutiwa timu ya kwenda, na magoli mengi ya zile mechi za magoli matano sita yanaingia hapo.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichojizoesha ni kuangalia nusu saa ya kwanza kwa umakini kweli kweli na baada ya saa moja nalegeza. Na siangalii hailaiti. Hailaiti inakupa magoli, na magoli ndo kitu chenye taarifa ndogo kuliko vyote kwenye mechi ya aina hii.

Mfano mzuri ni mastraika wawili wapya, Darwin Núñez wa Liverpool na Haaland wa Man City, kiangazi hicho hicho. Núñez alipofika Liverpool klipu zake za kukosa kosa kule Asia zilizunguka watu wakacheka, halafu tarehe 21 Julai akaingia kipindi cha pili dhidi ya RB Leipzig akafunga manne, Liverpool wakashinda 5-0, watu wale wale wakaanza kumwimbia. Tarehe 30 Julai Ngao ya Jamii, ile mechi ya kombe moja kabla ligi haijaanza, Liverpool 3 Man City 1, Núñez kafunga, Haaland dakika za mwisho kabisa mpira uko mbele yake goli liko wazi akagonga mwamba. Nakumbuka jinsi alivyosemwa. Wiki moja baadae akaenda West Ham akafunga mawili, msimu ukaisha ana magoli 36 ya ligi ambayo ni rekodi ya ligi kuu kwa msimu mmoja, City wakabeba makombe matatu makubwa. Núñez alimaliza na 9 kwenye ligi.

Mimi Haaland sikumtoa kwenye kikosi changu cha fantasi baada ya ile Ngao na sababu haikuwa imani tu. Ukirudia ile mechi utaona alikuwa anafika. Ule mpira aliokosa ulimkuta mita chache kutoka golini, peke yake, sehemu ambayo straika anatakiwa awepo, na kabla ya hapo alishapata nafasi nyingine. Straika anayekosa lakini anafika pale pale kila mara mimi namchukua, straika aliyefunga manne dhidi ya mabeki waliolegea kipindi cha pili namsubiri kwanza nimwone kwenye ligi.

Sasa upande uliosema kweli, Arsenal. Hapa ndo penye utamu na hapa ndo naona watu wanaosema mechi za kirafiki hazina maana kabisa nao wanakosea. Tarehe 23 Julai Orlando Arsenal waliifunga Chelsea 4-0, halafu tarehe 30 Julai ile ile ya Ngao wakaifunga Sevilla 6-0 nyumbani, straika mpya Jesus akapiga hatriki. Uondoe magoli yote kumi hayo, ubaki na hiki: Zinchenko kaanza kama beki wa kushoto lakini timu ikiwa na mpira anaingia katikati anakaa jirani na kiungo Partey, kiungo mwingine Xhaka anaachiwa nafasi ya kupanda juu mpaka kwenye boksi la mpinzani, Saliba karudi kutoka mkopo Marseille kawekwa beki wa kati na Gabriel moja kwa moja, Ben White kasogezwa beki wa kulia, Jesus hasimami kati anazunguka kote na Martinelli anaingia kwenye nafasi anayoiacha. Hivi havitegemei pumzi ya mpinzani. Hayo ni maamuzi ya kocha, na kocha hawezi kukaa wiki nzima anafundisha kitu kama hicho halafu Agosti akakitupa.

Tarehe 5 Agosti wakaenda Crystal Palace kufungua ligi, kikosi ni kile kile kilichoanza na Sevilla, na goli la kwanza ni kona, Zinchenko kapiga kichwa kuurudisha mbele ya goli Martinelli kamalizia kwa kichwa. Bei ya Jesus kwenye fantasi ilikuwa milioni 8 na wiki ya pili dhidi ya Leicester alifunga mawili akatoa na asisti mbili. Xhaka aliyekuwa na goli moja tu la ligi msimu uliotangulia alimaliza huu na 7. Ukiniuliza ni kipi kwenye kiangazi kile kilikuwa na thamani kuliko vyote nitakwambia ni Xhaka kupanda, siyo 6-0.

Na Chelsea je, si walipigwa nne na kweli wakaharibikiwa? Ni kweli, kocha wao Tuchel alitoka Orlando analalamika wazi kwamba timu haikuwa tayari kwa ushindani, tarehe 7 Septemba akafukuzwa na Chelsea wakamaliza wa 12. Ila hata hapo mimi nne hazikunitisha, kilichonitisha ni kwamba Rüdiger na Christensen walishaondoka bure na Lukaku karudishwa Inter kwa mkopo, yaani ule udhaifu ulikuwa umeandikwa kwenye orodha ya majina kabla mpira haujaanza. Matokeo yakigongana na kitu unachokijua tayari kuhusu kikosi, hapo nayapa uzito kidogo. Yakiwa peke yake nayaacha.

Kwa vitendo sasa naendaje. Nina daftari, kila timu ninayoifuatilia ina ukurasa wake, siandiki matokeo kabisa. Naandika nani kaanza wapi, nani yuko na nani (hii ya pacha ni muhimu sana hasa mabeki wa kati na viungo), nani anapiga kona za kushoto na za kulia, penalti kapewa nani wakati mpigaji wa kawaida yuko uwanjani, na timu ikipoteza mpira watu watatu wa karibu wanafanya nini, wanaruka kukaba au wanarudi nyuma. Mechi za mwanzo nazipitia haraka. Mechi ya mwisho kabla ya ligi ndo nakaa nayo dakika zote, maana pale kocha anataka kuona kikosi chake cha kwanza kinacheza dakika 70 mpaka 90, na mchezaji mpya ambaye hata siku hiyo kaingia dakika ya 75 usitegemee ataanza wiki ijayo hata kama jina lake ni kubwa namna gani. Kwa hiyo hata mechi nisiyoiona naitafutia kikosi na dakika za sabu, hizo tu zinanipa zaidi ya klipu.

Kuna kiangazi cha 2014 huwa nakitumia nikibishana na watu. United ya kocha Van Gaal ilienda Marekani ikaifunga LA Galaxy 7-0, ikaifunga Real Madrid 3-1 kule Michigan mbele ya watu 109,318, ikaifunga Liverpool fainali ya mashindano ya kirafiki ya kule. Tarehe 16 Agosti Swansea wakaja Old Trafford wakashinda 2-1. Lakini ule mfumo wa mabeki watatu tuliouona Marekani ndo ule ule alioanza nao siku hiyo. Kama ulikuwa unaangalia mfumo ulipata kitu cha kweli, kama ulikuwa unahesabu magoli uliambulia patupu.

Na kuna mambo ambayo hata uangalie vipi huyaoni kwa sababu hayapo bado. Chelsea ya kocha Conte 2016, mabeki watatu wale na Alonso na Moses pembeni, ilizaliwa baada ya kupigwa 3-0 na Arsenal tarehe 24 Septemba, Alonso na David Luiz wenyewe walisajiliwa mwishoni kabisa mwa dirisha la usajili, kisha ikashinda mechi 13 za ligi mfululizo ikachukua ubingwa na pointi 93. Kwenye maandalizi usingeiona hata ungekaa uwanjani na kocha. Ndo maana daftari la Julai nalitumia mpaka wiki ya tatu au ya nne ya ligi, dirisha likifungwa nafungua ukurasa mpya kwa kila timu na ninachoandika humo ni cha mechi za ligi peke yake.